Je, Yesu aliwakasirikia waliomlilia Lazaro?

Bwana Yesu asifiwe, mama.

Nianze kwa kulieleza swali lako, ili na wengine wanaosoma wajue tunazungumzia nini. Wewe ni kiongozi wa wanawake kanisani kwenu, na sehemu kubwa ya huduma yenu ni kwenda misibani kukaa na wafiwa. Kwenye mazishi mmoja wa wahubiri alisoma Yohana 11:33, pale Biblia yetu ya Union inaposema kwamba Yesu "aliugua rohoni, akafadhaika roho yake". Akasema Kigiriki hakina habari ya kuugua. Kitenzi ni embrimaomai, na maana yake ni kupumua kwa nguvu puani kama farasi mwenye hasira. Akahitimisha kwamba Yesu aliwakasirikia Mariamu, dada yake Lazaro, na waliokuwa naye, kwa kuwa machozi yao yalikuwa ni kutokuamini. Mama wa marehemu akanyamazishwa palepale. Wewe unauliza mambo mawili: je, neno lina maana hiyo kweli, na je, wafasiri wa Union walikosea?

Juu ya hasira, mhubiri amesema kweli. Juu ya farasi ametia chumvi. Na juu ya nani aliyekasirikiwa, amelijaza mwenyewe pengo ambalo Yohana aliliacha wazi.

Tuanze na kitenzi chenyewe, ἐμβριμάομαι. Katika Agano Jipya lote kinatokea mara tano tu, kwa hiyo tunaweza kupita pote kwa dakika chache. Fungua Marko 14:5. Yesu yuko Bethania, mji uleule wa Lazaro, na mwanamke amevunja chupa ya marhamu na kummiminia kichwani. Watu wanakasirika: ingaliuzwa kwa dinari mia tatu na zaidi, wakapewa maskini. Kisha Union inasema, "Wakamnung'unikia sana yule mwanamke." Hapo kitenzi ni chetu hikihiki, na kunung'unikia ni kupole mno. Mtu hunung'unika chini kwa chini, pembeni. Hawa walimfokea mama wa watu usoni pake, hata Yesu akalazimika kuingilia kati: "Mwacheni." Nikiulizwa mahali ambapo maana ya embrimaomai inaonekana bila utata wowote, nitataja hapa, kwa sababu mstari uliotangulia umeshatuambia kwamba walikuwa wamekasirika, na Yesu anawajibu kama watu wanaomsumbua mtu.

Marko 1:43 ni kwa yule mwenye ukoma. Yesu amemponya, na mara "akamkataza kwa nguvu", akamwondoa. Kitenzi hichohicho. Na "akamwondoa" ni neno ambalo Marko hulitumia pia kwa kutoa pepo, kwa hiyo usifikirie kuagana kwa kupeana mikono. Mathayo 9:30 inafanana: vipofu wawili wamefumbuliwa macho, na Yesu anawaagiza kwa ukali kwamba mtu yeyote asijue. Kwa yule wa Marko na kwa hawa wa Mathayo tunajua kilichofuata: walitoka wakaitangaza habari kila mahali. Ukali ulikuwa na sababu, na sababu hiyo imeandikwa.

Sehemu mbili zilizobaki zote ziko katika Yohana 11, mstari wa 33 na wa 38.

Ukitoka nje ya Agano Jipya picha haibadiliki. Katika tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Danieli 11:30, Warumi wanakuja, wanamfukuza mfalme na kumkemea, na kitenzi ni hiki. Katika Maombolezo 2:6 jina linalotokana nacho limefungwa pamoja na neno hasira: ni ukali wa hasira ya Mungu. Kwa hiyo anayesema kwamba embrimaomai ni huzuni tu, au kuguswa moyo tu, ana kazi ngumu ya kutafuta mfano mwingine unaomuunga mkono. Kamusi za Kigiriki zenyewe huweka maana ya "kuguswa sana" kisha mifano yake inakuwa hiyo miwili tu ya Yohana 11, yaani mahali palepale tunapobishania. Hapo kamusi inatupa maoni ya mfasiri, haitupi ushahidi mpya, na wanafunzi wangu huwaambia waangalie sana kitu hicho: maana yenye mfano mmoja tu kwenye kamusi mara nyingi imetoka kwenye tafsiri, si kwenye lugha.

Sasa farasi. Hakuzuliwa, ametoka kwa Aeschylus, mtunzi wa tamthilia wa Athene. Katika tamthilia yake ya Saba dhidi ya Thebe, iliyochezwa mwaka 467 kabla ya Kristo, kuna farasi wa vita wanaopumua kwa kishindo ndani ya hatamu zao wakitaka kukimbilia lango la mji, na kitenzi ni embrimaomai. Mfano huo upo, na ni mzuri. Lakini kati ya Aeschylus na Injili ya Yohana kuna zaidi ya miaka mia tano, na mmoja anaandika ushairi wa jukwaani wakati mwingine anaandika nathari nyepesi kwa watu wa kanisa. Hakuna mahali pengine katika mifano tuliyoipitia penye mnyama. Wale waliomfokea mwanamke wa Bethania hawakuwa wakitoa pumzi puani.

Sisi wenyewe tunajua jambo hili, ila tukifika kwenye Kigiriki tunalisahau. Inasemekana shikamoo chimbuko lake ni "nashika miguu yako". Haya, kijana anayekuamkia asubuhi dukani, ameshika miguu ya nani? Anatoa heshima, basi, na ukimwandikia mgeni wa lugha kwamba vijana wa Tanzania hushika miguu ya wazee kila asubuhi utakuwa umempotosha kwa kutumia ukweli wa asili ya neno. Mhubiri wenu amefanya hivyohivyo. Amelichukua neno mahali lilipopitia zamani akaliingiza kinywani mwa Yohana, kwa sababu picha ya farasi inasisimua mimbarini. Mimi ningelimwacha farasi Thebe.

Tukimwondoa farasi, hasira inabaki. Inabaki kwa nguvu hata zaidi, kwa sababu haitegemei tena picha moja bali matumizi ya sehemu zote. Tafsiri ya Kilatini ya kale iliyotumika kanisani kwa karne nyingi iliweka pale neno la kunguruma. Martin Luther naye, mwanamatengenezo wa kanisa, katika Kijerumani chake aliandika kwamba Yesu alighadhibika rohoni. Lakini Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilichukua njia ya kuugua, na Union yetu ya mwaka 1952 iko upande huo.

Je, Union imekosea? Mimi nasema imefifisha. Tatizo la kwanza ni kwamba "kuugua" kwa Kiswahili kuna sura mbili, ugonjwa na kutoa sauti ya maumivu, na vijana wengi wa leo wanaijua ile ya kwanza tu. Nimeulizwa na mwanafunzi kama Yesu alipatwa na homa Bethania. Lazaro katika mstari wa kwanza wafasiri hawakusema anaugua, walisema "alikuwa hawezi", Kiswahili safi cha wazee, kwa hiyo kwao kuugua kwa Yesu hakuchanganyiki na ugonjwa wa rafiki yake. Hilo nawasifu.

Tatizo la pili ni zito zaidi. Neno "kuugua" Union imelitumia pia kwa kitenzi kingine cha Kigiriki, stenazo, ambacho ndicho hasa cha kuugua: kutoa pumzi kwa uchungu, kulemewa. Linganisha. Marko 7:34, mbele ya kiziwi, Yesu anatazama mbinguni, "akaugua", anasema Efatha. Warumi 8, viumbe vyote vinaugua, sisi tunaugua, na Roho anatuombea "kwa kuugua kusikoweza kutamkwa". Na Marko 8:12, Mafarisayo wanapotaka ishara, Yesu "akaugua rohoni mwake". Weka huo wa mwisho kando ya Yohana 11:33, "aliugua rohoni". Kwa Kiswahili ni kama sentensi moja. Kwa Kigiriki ni vitenzi viwili visivyo na undugu wowote. Yohana angetaka kusema kwamba Yesu alilemewa akashusha pumzi, neno lilikuwepo na Wakristo walilijua. Hakulitumia.

Kwa hiyo mimi ningefasiri hivi: "Yesu alipomwona analia, na Wayahudi waliofuatana naye wanalia, ghadhabu ilimpanda rohoni, akataharuki." Hilo "akafadhaika" nalo lina jambo lake. Kigiriki hakisemi alifadhaishwa, kama kinavyosema katika 13:21 anapomtaja msaliti, wala hakisemi roho yangu imefadhaika, kama katika 12:27. Hapa kitenzi ni cha kutenda, na anayetendewa ni yeye mwenyewe: alijitikisa, alijitia msukosuko. Wapo wanaosema ni namna tu ya kuzungumza, na huenda hawako mbali na ukweli. Augustino, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, aliliona kuwa tamko la mamlaka: mtu hutikiswa na mambo, Kristo alijitikisa kwa kutaka. Mimi sijengi nyumba nzima juu ya kiwakilishi kimoja, ila nakiona.

Utakutana pia na watu wanaosema "roho" katika mstari huo ndiyo inayokemewa, yaani Yesu aliikemea roho yake isimwage machozi. Si wazo la ovyo. Yohana Krisostomo, mhubiri wa kale wa Kigiriki, alielekea huko, akasema Yesu alizuia hisia zake, na Kirili, askofu wa kale wa Aleksandria, alisema kwamba kwa nguvu ya Roho aliukemea mwili wake. Kisarufi inawezekana, kwa kuwa katika Marko na Mathayo anayekemewa hutajwa kwa umbo lilelile la nomino ambalo "roho" iko nalo hapa. Kinachonizuia ni mstari wa 38. Pale Yohana anarudia, "hali akiugua tena nafsini mwake", na Kigiriki kinaongeza kihusishi chenye maana ya ndani: ndani yake. Mstari wa 38 unaufafanua wa 33. Roho ni mahali hasira ilipowaka. Tena kama alikuwa akiyakemea machozi, alishindwa mara moja, kwa kuwa mistari miwili baadaye analia.

Tufike kwenye kiini cha swali lako. Alimkasirikia nani?

Yohana hasemi. Katika Marko na Mathayo anayekemewa yupo kwenye sentensi: yeye, wao, yule mwanamke. Katika Yohana hakuna mtu. Kuna "rohoni" na "ndani yake", basi. Anayetaja jina la mtu hapo amelitoa kwake, na hilo linanihusu hata mimi katika maneno yanayofuata.

Hoja ya mhubiri wenu ina msingi mmoja: mstari wa 37. Baadhi ya watu wanasema, "Je! Huyu aliyemfumbua macho yule kipofu, hakuweza kumfanya na huyu asife?" na mara Yesu anaghadhibika tena. Kama angesema kwamba mara ya pili Yesu alichukizwa na maneno ya hao wenye kejeli, ningekubali kwamba inawezekana. Lakini yeye aliyapakia yote juu ya Mariamu, na hapo maandiko yanamkatalia.

Martha alimwambia Yesu, "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Mariamu akaja akasema maneno yaleyale. Kama maneno hayo yalikuwa kutokuamini, hasira ingempanda kwa Martha. Kwa Martha alijibu kwa utulivu, akampa moja ya ahadi kubwa kuliko zote katika Injili hii. Tofauti ya Mariamu iko katika kitu kimoja, na Yohana anakitaja: "alipomwona analia". Kilichowasha moto ni kitu alichokiona, si neno alilolisikia.

Na kilio kile hakilaumiwi popote. Wayahudi wale walikuja kuwafariji akina dada, mstari wa 19 unasema hivyo bila kejeli yoyote. Wapo wanaodai walikuwa waombolezaji wa kukodiwa, wanafiki, hilo halimo. Kitenzi cha kulia kwao na kulia kwa Mariamu ni kimoja, klaio, kulia kwa sauti kama mnavyolia nyinyi mwili unapoingizwa uani. Ukitaka kuona Yesu akiwakatiza waliaji, nenda nyumbani kwa Yairo, Marko 5:39: "Mbona mnafanya ghasia na kulia?" Pale alisema wazi, akawatoa nje, na embrimaomai haipo. Bethania hakumtoa mtu, wala hakumwambia mtu anyamaze. Aliuliza, "Mmemweka wapi?"

Kisha "Yesu akalia machozi". Hapa kitenzi si klaio. Ni dakruo, kudondosha machozi, na hakitokei tena popote katika Agano Jipya. Union imelipata vizuri sana kwa kuongeza "machozi": wao walilia kwa sauti, yeye machozi yalimtoka. Mtu anayewaghadhibikia watu kwa sababu wanalia, halafu dakika ileile analia pamoja nao, huyo sijui tumwelezeje.

Hasira na huruma kukaa pamoja hivi si ajabu kwa kitenzi hiki. Rudi kwa yule mwenye ukoma: Marko 1:41 Yesu anamhurumia, 1:43 anamkemea. (Kuna hati moja ya kale, Codex Bezae, ambayo katika 1:41 badala ya "akamhurumia" ina "akakasirika". Wataalamu wanabishana hadi leo ipi ni ya asili. Hilo ni somo la siku nyingine.)

Mimi naona hivi. Yesu anasimama mbele ya kazi ya mauti: rafiki yuko siku ya nne kaburini, dada zake wamevunjika, majirani wanalia, na hata wanaompenda wanabaki na neno la "kama ungalikuwapo". Anaijua pia bei. Wanafunzi walimwonya kwamba huko Uyahudi watu wanataka kumpiga mawe. Tomaso aliondoka akisema twendeni tufe naye. Bethania ni karibu maili mbili tu kutoka Yerusalemu. Na sura haiishi kabla ya baraza kufanya shauri la kumwua kwa sababu ya muujiza huu huu. Ndiyo maana neno la kufadhaika linarudi katika sura ya 12 na ya 13, safari hii juu ya kifo chake mwenyewe. Hasira ya mstari wa 38 ndiyo inayompeleka kaburini, sentensi ni moja, akighadhibika anafika, na kinachofuata ni amri: "Liondoeni jiwe." Calvin, mwanamatengenezo mwingine wa kanisa, alisema Kristo hafiki pale kama mtazamaji, anafika kama mpiganaji anayejiandaa kwa pambano. Katika hili niko naye.

Unaweza kunibishia kwamba nami nimelijaza pengo, na ni kweli. Ila nimelijaza kwa vitu vilivyomo ndani ya sura, na mahali nilipopajaza hapamnyamazishi mfiwa.

Uliuliza pia kama mkiwa msibani mseme "alikasirika". Semeni, lakini msiseme nusu. Someni kuanzia mstari wa 32 hadi wa 44 bila kukata, kwa kuwa kuusoma wa 33 peke yake ndiko kulikozaa mahubiri yale. Mkifika kwenye "aliugua rohoni", elezeni kwa sentensi moja kwamba si ugonjwa, ni ghadhabu iliyompanda alipoona kilio kile, kisha endeleeni kusoma. "Yesu akalia machozi" uko mistari miwili mbele, na hauhitaji maelezo ya Kigiriki. Mhubiri naye msimwendee hadharani. Mpelekeeni Marko 14:5 na Yohana 11:38 akiwa ametulia, mwulizeni katika huo wa pili anayekemewa ametajwa wapi. Na yule mama aliyenyamazishwa, nendeni mkamwone.